Vitafunio vya maumbo kwa fromaji (jibini) ya Masisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaopika nyumbani hapa Goma: mzazi anayeandaa siku ya kuzaliwa, mama anayeuza vitafunio karibu na shule, au yeyote aliyeombwa kupamba meza ya komunyo. Vipimo vimewekwa kwa gramu na sentimita. Asiye na mizani akumbuke kwamba kijiko cha supu kilichojaa fromaji iliyokunwa ni kama gramu 8 hadi 10.

Fromaji gani inafaa kukatwa maumbo?

Ile ya Masisi, ya duara, yenye ganda la manjano. Ni ya jamaa ya gouda: hutokana na maziwa ya ng'ombe, hukandamizwa kidogo, na mara nyingi huuzwa ikiwa bado changa. Uchanga huo ndio unaoamua karibu kila kitu katika ukurasa huu. Fromaji changa ina maji mengi, kwa hiyo hukunjika bila kuvunjika na huyeyuka vizuri, ila kingo zake hazishiki maumbo membamba. Nyota ya sentimita 5 hutoka safi. Kipepeo mwenye pembe nyembamba hukatika kichwa kabla hajafika sahanini.

Chagua umbo kwa kuangalia fromaji uliyonayo, usichague umbo kwanza halafu ukailazimishe fromaji. Wengi huanza na picha waliyoiona kwenye simu, iliyopigwa kwa fromaji ya aina nyingine kabisa, kisha wanalaumu kisu.

Nitaipimaje kabla ya kununua kilo nzima?

Omba kipande, ukate ukanda wa unene wa milimita 4 na urefu wa sentimita 10, kisha ukunje taratibu kama upinde. Ukifika nusu duara bila kupasuka, fromaji inafaa kwa maumbo ya kukata na ya kukunja. Ukipasuka katikati, imekomaa: ni nzuri kwa kukuna, kwa biskuti na kwa kukaanga, lakini usiikatie maua. Ukishika vidoleni na kuacha unyevu mweupe, ni changa mno. Iache siku nne au tano mahali pa baridi, ikiwa imefunuliwa, ndipo uikate.

Angalia pia matundu. Vitundu vichache vya ukubwa wa dengu si kosa. Matundu mengi yaliyojaa kama sifongo, pamoja na harufu kali ya chachu, yanaonyesha kwamba maziwa yalikuwa na vijidudu visivyotakiwa. Fromaji ya namna hiyo hukatika vibaya na ladha yake huwa chungu. Barabara ya Sake, inayotoka Masisi, ikisumbua na mzigo ukakaa njiani kwenye joto, fromaji hufika ikiwa imetoa jasho la mafuta juu. Hiyo bado inalika, ila ipanguse, uipoze, na uitumie kwanza kwa vitu vya kuyeyusha.

Je, La vache qui rit au fromaji nyingine laini?

Haikatiki kwa kikatio. Inafaa kama gundi: kupaka chini ya jicho la zeituni, kushikisha tabaka mbili za mkate, au kujazia tomati ndogo.

Kwa nini fromaji yangu inanata kwenye kikatio, na siku nyingine inapasuka?

Sababu ni joto. Mafuta ya maziwa huanza kulainika mapema sana: fromaji iliyokaa jikoni karibu na babula (jiko la makaa) tayari ni laini mno kukatwa. Ikiwa imetoka sasa hivi kwenye frigo kali sana, mafuta yamekaza na vipande hupasuka kwenye pembe. Kiwango kizuri ni nyuzi 8 hadi 12. Kwa vitendo: itoe kwenye frigo, ikate vibapa, vipange kwenye sahani bila kupandana, subiri dakika 10, kisha kata maumbo.

Asiye na frigo atumie asubuhi. Goma usiku huwa na ubaridi wa kutosha; fromaji iliyolala sakafuni kwenye chumba chenye hewa, ikifunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, hukatika vizuri mapema na kuanza kusumbua jua likipanda.

Kikatio kikianza kunata, kichovye kwenye maji baridi na kukikung'uta. Usikipake mafuta: fromaji itateleza, na kingo zitaonekana zimeliwa.

Unene gani?

Milimita 5 kwa maumbo ya kulala kwenye sahani. Milimita 3 kwa kitu cha kukunjwa au cha kuwekwa juu ya mkate. Sentimita 1 kwa kitu kitakachosimama. Chini ya milimita 3 fromaji ya Masisi hujikunja yenyewe inapokauka, na ndani ya saa moja nyota inakuwa kijiko.

Ili vibapa vilingane, weka fromaji katikati ya vibao viwili vyenye unene unaoutaka, kisha vuta kisu kirefu au uzi juu ya vibao hivyo. Uzi mpya wa nailoni wa kuvulia samaki, uliooshwa kwa maji ya moto, hukata vizuri kuliko visu vingi vya jikoni, kwa sababu una eneo dogo la kunata.

Sina vikatio vya maumbo. Nifanyeje?

Fundi wa bati anayetengeneza babula anaweza kukukunjia kimoja kwa muda mfupi. Mpelekee ukanda uliokatwa kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga au la tomati, upana sentimita 2 na urefu sentimita 25, pamoja na mchoro wa karatasi wa ukubwa halisi. Mwambie mambo matatu. Ukingo wa juu ukunjwe ili usikate mkono. Ncha mbili zifungwe kwa ribiti au kwa kukunjana, si kwa risasi ya kuunganishia, kwa sababu madini ya risasi ni sumu. Na asitumie bati la paa: lina zinki, ambayo haipatani na tomati wala ndimu.

Kwa duara tumia kifuniko cha chupa, kikombe cha kahawa au kopo dogo la tomati lililosuguliwa kingo. Kwa umbo lolote lingine, chora kwenye karatasi ngumu, ikate, iweke juu ya fromaji na ufuate kwa ncha ya kisu kidogo, kisu kikisimama wima. Kisu kikilala, upande wa chini hutoka mpana kuliko wa juu.

Chukudu ya fromaji inatengenezwaje isianguke?

Hili ndilo umbo linaloombwa zaidi, na si ajabu katika mji wa chukudu, skuta za mbao za kubebea mizigo, wenye sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Chukudu moja hula fromaji gramu 35 hivi, na magurudumu yake ni ya karoti.

Kata ubao: sentimita 9 kwa 2.5, unene sentimita 1. Kila mwisho wa ubao chonga mwanya wa katikati wenye upana wa sentimita 1 na kina cha sentimita 2, uonekane kama uma wenye meno mawili. Kata nguzo ya usukani: sentimita 5 kwa 1.5, unene sentimita 1. Kata magurudumu mawili ya karoti, kipenyo sentimita 2.5, unene milimita 8, na uyachemshe dakika 3. Karoti mbichi hupasuka ukiitoboa. Iliyoiva mno hukatika kwenye ekseli. Mishikio ni harikoveri (haragwe bichi la kijani) moja iliyochemshwa dakika 4 na kukatwa sentimita 5.

Badala ya vijiti vya meno tumia spageti kavu. Hii ndiyo siri ya kazi nzima. Spageti iliyochomekwa kwenye fromaji hunyonya unyevu, na baada ya saa mbili hivi inakuwa laini kiasi cha kulika, kwa hiyo mtoto hachomwi. Toboa kwanza karoti kwa kijiti cha meno, kwa sababu spageti haiwezi kujitobolea njia. Weka gurudumu ndani ya mwanya, pitisha spageti kutoka jino moja la uma hadi la pili, milimita 6 kutoka mwisho wa ubao, kisha vunja inayobaki nje. Simamisha nguzo sentimita 2.5 kutoka mbele, ikiinama kidogo kwa nyuma, kwa vipande viwili vya spageti vya sentimita 2.5. Kipande kimoja hakitoshi, nguzo itazunguka. Chomeka mishikio juu yake.

Kinachoharibika mara nyingi ni meno ya uma kuvunjika. Sababu: mwanya umechongwa mpana kupita kiasi, au fromaji ni kavu. Kila jino libaki na unene wa milimita 7 angalau. Watakaosema kwamba kwenye chukudu ya kweli gurudumu la mbele liko chini ya usukani wako sahihi, lakini nguzo ya fromaji haina nguvu ya mti wa mikaratusi.

Mzigo huwekwa mwisho, na uwe mwepesi: majani mawili ya saladi yaliyokunjwa kama gunia, vipande vya soseji, au biringanya ndogo ya kukaanga.

Na mtumbwi?

Mtumbwi ni rahisi zaidi na unavumilia mikono ya watoto. Konkombre ya sentimita 15 ikatwe katikati kwa urefu, ichokolewe kwa kijiko ibaki na ukuta wa milimita 5 au 6, inyunyizwe chumvi kidogo na kupinduliwa dakika 10. Ukiruka hatua hii, maji yatajaa ndani ya mtumbwi na kijazo kitaelea.

Kwa nusu nne: gramu 100 za sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zilizokaangwa zikavu, nusu ya avoka, na kijiko cha supu cha maji ya ndimu. Ponda pamoja, ila acha sambaza sita au nane nzima za kulaza juu. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja.

Tanga la fromaji ni pembetatu ya sentimita 7 kwa 5, unene milimita 3, likichomwa kijiti sehemu mbili ili lijae upepo. Anayetaka mtumbwi wa wavuvi wa sambaza aache tanga: aunganishe nusu tatu kwa spageti ndefu mbili za kukingama, na atokeze miti mbele na nyuma. Taa ni kiduara cha fromaji kwenye ncha. Huu wa pili unapendeza zaidi mezani, na watoto wa Goma wanautambua mara moja.

Volkano inawezekana?

Inawezekana, lakini fahamu wageni wako kwanza. Kuna familia zilizopoteza nyumba Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na nyingine Mei 2021. Si kila mtu atacheka akiona lava mezani.

Kwa mlima mmoja: gramu 150 za birayi (viazi mviringo) zilizopondwa zikavu, bila maziwa, zikiwa bado na uvuguvugu. Finyanga umbo la koni lenye upana wa sentimita 9 na urefu wa 6, bonyeza shimo juu kwa mwisho wa yai. Lava ni mchuzi wa fromaji, na hapa ndipo watu wengi hukosea.

Koroga kijiko cha supu kimoja cha maizena katika mililita 150 za maziwa baridi. Pasha huku ukikoroga hadi uzito uje, ondoa motoni, kisha tia gramu 150 za fromaji iliyokunwa, kwa awamu tatu, ukikoroga kila mara hadi iyeyuke. Kijiko kimoja cha tomati ya kopo huleta rangi. Kamwe usichemshe baada ya fromaji kuingia. Protini za fromaji zikipata moto mkali hukazana, husukuma mafuta nje, na unabaki na donge la mpira ndani ya mafuta ya manjano. Wanga wa maizena ndio unaozuia madonge hayo. Ukiona mafuta yanaanza kujitenga, tia vijiko viwili vya maziwa ya moto na matone ya ndimu, kisha piga kwa nguvu. Mara nyingi mchuzi hurudi.

Mimina ukiwa na uvuguvugu tu. Mchuzi wa moto hupasua mlima, na ukipoa kabisa hauteremki.

Mayai ya kuchemsha yanaweza kupewa umbo?

Ndiyo. Menya yai likiwa bado moto, liweke ndani ya karatasi ngumu iliyokunjwa kama herufi V na kutandikwa karatasi safi, bana kijiti kinene juu yake kwa urefu, funga kwa mpira pande zote mbili, weka kwenye maji baridi dakika 15. Likikatwa kwa upana, kila kipande kinakuwa moyo. Yai lililokwisha kupoa halikubali tena, kwa sababu ute umeshika umbo lake.

Angalizo la mji wetu: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Yai linalohitaji dakika 10 pwani linahitaji 12 au 13 hapa. Birayi na karoti pia huchelewa. Mapishi mengi ya kwenye intaneti hayajui jambo hili, na ndiyo sababu viini vya mayai ya karamu hutoka vibichi katikati. Mayai ya siku hiyo hiyo humenyeka vibaya. Tumia yaliyokaa wiki moja.

Fromaji yangu ya kukaanga hutoboka na kumwagika kwenye mafuta. Kwa nini?

Sababu ni tatu, na kwa kawaida huja pamoja: unga wa nje ni mwembamba, vipande havikupozwa, na mafuta hayajapata moto.

Kwa samaki wadogo wa birayi na fromaji: gramu 500 za birayi zilizochemshwa na maganda, zimenywe, zipondwe na kuachwa zitoe mvuke dakika 10, kiini cha yai kimoja, gramu 60 za unga wa ngano, chumvi kidogo. Kila samaki achukue gramu 40 za mchanganyiko huu na kijiti cha fromaji cha gramu 10 katikati, kikizungukwa na birayi za unene unaolingana pande zote. Finyanga mkia na pezi vikiwa vinene, vyembamba huungua. Zungusha kwenye unga, kisha yai lililopigwa, kisha chenga za mkate mkavu, na rudia yai na chenga mara ya pili. Weka mahali pa baridi dakika 30.

Mafuta yawe nyuzi 170 hadi 180. Asiye na kipimo atupie kipande cha mkate cha sentimita 2: kikigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika moja, anza. Kaanga wanne kwa mara moja, dakika 3. Ukijaza sufuria joto hushuka, samaki hunyonya mafuta, fromaji hupata muda wa kuyeyuka na kutafuta njia ya kutoka kabla ganda halijakaza.

Biskuti za fromaji: kwa nini hupoteza umbo kwenye moto?

Kwa sababu ya hamira ya unga au siagi iliyolainika. Biskuti za maumbo hazitaki hamira ya aina yoyote.

Gramu 200 za unga, gramu 100 za margarini baridi, gramu 120 za fromaji iliyokomaa iliyokunwa laini, kiini kimoja, kijiko kimoja cha maji baridi. Sugua margarini na unga kwa vidole hadi viwe chenga, tia fromaji, kiini na maji, kusanya bila kukanda. Ukikanda, biskuti zitajivuta na nyota itakuwa kama jiwe. Poza dakika 30, sukuma kwa unene wa milimita 5, kata, kisha poza tena dakika 15 zikiwa tayari zimekatwa. Pozo hili la pili ndilo linalolinda pembe. Kwa kikatio cha sentimita 4 unapata biskuti 50 hadi 60. Oka nyuzi 180 kwa dakika 12 hadi 15, hadi kingo ziwe za dhahabu. Zikifika rangi ya kahawia huwa chungu, kwa kuwa fromaji huungua kabla ya unga.

Bila furu: sufuria nzito, mchanga mkavu wa sentimita 3 chini, vijiwe vitatu, kifuniko chenye makaa juu. Washa dakika 20 kabla. Weka kijiko cha unga kwenye sahani ya bati ndani yake. Ukigeuka kahawia hafifu kwa dakika 5, moto unatosha. Makaa mengi yawe juu, machache chini, la sivyo utatoa biskuti nyeusi matako na nyeupe uso.

Vikapu na majani ya fromaji inayovunjika kama chipsi hutengenezwaje?

Tandaza gramu 15 za fromaji iliyokunwa kwenye kikaango kisichonata, duara ya sentimita 8, moto wa wastani. Itayeyuka, itatoa mapovu, kisha mapovu yatapungua. Kupungua huko ndiyo ishara kwamba maji yameisha. Fromaji ya Masisi ina maji, kwa hiyo subiri dakika 4, hata 5. Inua kwa kisu bapa, pindua kwenye kikombe kilichogeuzwa, na ubonyeze pembeni. Una sekunde kama 20 kabla haijakaza. Ikibaki kama mpira baada ya kupoa, ulitoa mapema, irudishe kikaangoni. Kwenye sufuria ya kawaida ya aluminiamu bila karatasi ya kuokea itashika, usijisumbue.

Rangi zinapatikana wapi bila rangi za dukani?

Karoti, poroni (pilipili hoho) nyekundu na ya kijani, majani ya lengalenga yaliyochemshwa na kukamuliwa, manjano ya unga kwa birayi. Betirave ni nzuri na ni msumbufu: hutia damu kila inachogusa. Ichemshe na ganda lake na kijiko cha siki, ikaushe, iweke mwisho kabisa, juu ya jani la saladi. Avoka ipakwe ndimu mara tu inapokatwa.

Mboga zote mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, zikiwezekana zimenywe. Kipindupindu kinaujua mji huu. Ukitibu maji kwa Javel (dawa ya klorini), kumbuka kwamba ya madukani haina nguvu moja, kwa hiyo fuata maelezo ya chupa, usikisie.

Fromaji itakaaje bila frigo?

Ikiwa nzima na ganda lake, hukaa wiki kadhaa kwenye ubao mkavu mahali pa baridi na giza. Igeuze kila siku, na kila baada ya siku mbili au tatu ipanguse kwa kitambaa kilichochovywa maji ya chumvi: vijiko viwili vya supu vya chumvi kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ikishakatwa, funga uso uliokatwa tu kwa karatasi safi, acha ganda lipumue, uimalize ndani ya siku tano. Mfuko wa plastiki uliobanwa huifanya itoe jasho na kuota ukungu.

Ukungu juu ya kipande kikubwa kigumu: kata sentimita 2.5 kuzunguka na chini yake, kisu kisiguse ukungu. Ukungu kwenye fromaji iliyokunwa, iliyokatwa vibapa au laini: tupa yote.

Je, wajawazito na watoto wadogo wanaweza kula?

Muulize muuzaji kama maziwa yalipashwa moto. Asipojua, ihesabu kuwa ya maziwa mabichi. Maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na maambukizi mengine, hivyo mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa dhaifu wapewe tu ile iliyopikwa hadi kutoa mapovu: biskuti, chipsi, mchuzi uliotiwa fromaji kisha kuokwa.

Kwa walio chini ya miaka minne, hatari kubwa ni kukabwa. Usiwape vipande vya mviringo vya fromaji, soseji au karoti mbichi. Kata vijiti virefu vyembamba, tomati ndogo zikatwe mara nne. Vijiti vya meno viondolewe kabla sahani haijafika mezani.

Anayeumwa tumbo kwa maziwa mara nyingi huvumilia fromaji iliyokomaa, kwani sukari ya maziwa imebaki kidogo sana. Mwenye mzio wa maziwa ni jambo lingine: asionje kabisa.

Watoto 20, nahitaji kiasi gani, na nianze lini?

Hesabu gramu 40 za fromaji kwa mtoto, yaani gramu 800 sahanini. Kukata maumbo huacha mabaki ya robo hadi theluthi, na ganda pia, kwa hiyo nunua kilo moja na gramu 200. Biskuti zioke siku mbili kabla. Birayi zifinyangwe jana yake. Chukudu zitengenezwe saa mbili au tatu kabla, ili spageti ilainike. Mitumbwi na avoka dakika za mwisho. Vyenye yai, samaki au mayonezi visikae mezani zaidi ya saa mbili.

Mabaki ya kukata nayafanyia nini?

Kilo moja ya fromaji imekula karibu lita 10 za maziwa, kwa hiyo usitupe. Yapange unapokata: duara huacha mabaki mengi, pembetatu na mraba hazina hasara karibu yoyote. Mabaki yakune siku hiyo hiyo, changanya na kijiko cha unga yasishikane, tumia kwa biskuti, kwa lava, au kujazia chapati. Ganda lisilo na nta lisuguliwe kwa brashi na kutiwa kwenye sufuria ya maharagi nusu saa kabla hayajaiva; litoe kabla ya kupakua.